Kabla ya Kukokotoa, Tazama Asili

Kampuni ndogo ina magari mawili ya dizeli: lori linalokwenda kilomita 5 kwa lita moja, na gari dogo linalokwenda kilomita 14 kwa lita. Fedha zilizopo zinatosha kubadilisha moja tu. Lori likibadilishwa, jipya litakwenda kilomita 7 kwa lita. Gari dogo likibadilishwa, jipya litakwenda kilomita 20. Magari yote mawili hutembea umbali uleule kila mwezi. Wengi watachagua gari dogo bila kusita, kwa sababu kutoka 14 hadi 20 ni ongezeko la kilomita 6, ilhali lori linaongeza 2 tu. Sasa hesabu mafuta yenyewe. Kwa kila kilomita 100, lori la zamani linakula lita 20 na jipya litakula lita 14.3, kwa hiyo akiba ni lita 5.7. Gari dogo la zamani linakula lita 7.1 na jipya litakula lita 5, akiba ikiwa lita 2.1. Uamuzi ulioonekana dhahiri unaikosesha kampuni zaidi ya nusu ya akiba ambayo ingeipata. Richard Larrick na Jack Soll wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliandika juu ya kosa hili hili katika jarida la Science mwaka 2008, na kibandiko cha mafuta kinachowekwa kwenye magari mapya nchini humo, tangu matoleo ya 2013, huonyesha pia kiasi cha mafuta yanayotumika kwa kila maili 100.

Aliyechagua gari dogo anajua kutoa na kugawanya. Alichokosa kuona ni mahali namba ilipokaa. Mafuta yanayotumika ni umbali ukigawanywa kwa kilomita za kila lita, kwa hiyo hizo kilomita kwa lita ziko chini ya mstari wa sehemu, kwenye asili, wala haziko juu kwenye kiasi. Kitu kilichoko juu kikiongezeka mara mbili, jibu nalo huongezeka mara mbili, na akili zetu zimezoea mwendo huo tangu shule ya msingi: kilo mbili za sukari ni bei mara mbili. Kitu kilichoko chini hakifuati mwendo huo. Kinapokuwa kidogo, badiliko dogo tu linatikisa jibu lote. Kinapokuwa kikubwa, unaweza kukiongeza sana na jibu lisisogee. Hoja ya mwongozo huu ni kwamba maamuzi mengi ya kila siku juu ya michango, mwendo, kazi na mchanganyiko huharibika kwa sababu tunavichukulia vitu vilivyoko kwenye asili kana kwamba viko kwenye kiasi, na kwamba dawa yake haihitaji hesabu za chuo kikuu. Andika sehemu yako, kisha kabla ya kukokotoa chochote jiulize mambo matatu: kitu gani kinabadilika kwenye asili, asili hiyo inakuwa sifuri wapi, na jibu linaelekea wapi asili inapokuwa kubwa mno.

Tuanze na michango, maana hapo ndipo hesabu hii hutumika karibu kila mwezi. Ukoo unakodi Coaster ya kwenda harusini. Tuseme gari ni shilingi 400,000 kwenda na kurudi, na chakula cha njiani ni 15,000 kwa kila msafiri. Wasafiri wakiwa n, mchango wa mmoja ni 400,000 ÷ n + 15,000. Wakiwa wanane, kila mmoja analipa 65,000. Mmoja akijitoa, saba waliobaki wanalipa 72,143 kila mmoja. Yaani kujitoa kwa mtu mmoja kumewaongezea wenzake zaidi ya 7,000. Wakiwa 28 na mmoja akajitoa, waliobaki wanaongezewa kama 530 tu. Mweka hazina anayeelewa hili hatumii nguvu zake sawasawa. Atawabembeleza sana watu kumi wa mwanzo, na orodha ikishapita ishirini ataacha kupiga simu usiku. Vilevile atajua pa kubana. Gari likiwa na watu 29, kumbembeleza mwenye Coaster apunguze 58,000 kunamsaidia kila msafiri kwa 2,000, sawa kabisa na kuondoa soda na kipande kimoja cha kuku kwenye chakula. Wakiwa kumi, punguzo hilohilo la 58,000 linamsaidia kila mmoja kwa 5,800. Kikundi kidogo kihangaikie bei ya gari. Kikundi kikubwa kihangaikie sahani.

Kamati ikisema mchango usizidi 30,000, umeingia kwenye hesabu ya sharti, si ya kutafuta namba moja tu. Andika 400,000 ÷ n + 15,000 ≤ 30,000. Ondoa 15,000 pande zote mbili, ubaki na 400,000 ÷ n ≤ 15,000. Zidisha pande zote kwa n. Hapa hakuna hatari, kwa kuwa idadi ya watu haiwezi kuwa chini ya sifuri. Unapata n isiyopungua 26.67, na kwa kuwa watu hawagawanyiki, ni 27. Angalia kwamba hata jibu lingekuwa 26.1 bado ungeandika 27: sharti la chini hupandishwa daima, bila kujali desimali iko karibu na namba gani. Kamati ikitaka mchango usizidi 20,000, jibu ni watu 80, na Coaster yenye viti 29 haiwezi kuwabeba. Ikitaka usizidi 15,000, hakuna idadi yoyote ya watu itakayotosha, hata ukoo mzima ukija, kwa sababu sehemu ya gari inazidi kupungua lakini haifiki sifuri kamwe. Kikao kinachobishana saa nzima juu ya lengo kama hilo kingeokoka kwa kutazama fomula nusu dakika.

Mtu atapinga, na ana haki, kwamba maisha hayaendi kwa ulaini huo. Msafiri wa 30 hana kiti. Ukimkubali unakodi gari la pili, na mchango wa kila mmoja unaruka kutoka 28,793 hadi 41,667. Fomula haikusema hivyo. Ingefuatwa kichwakichwa ingeahidi kwamba watu 30 watalipa kidogo kuliko 29. Lakini kasoro hiyo inatibika kwa mstari mmoja ambao wanafunzi wengi hawaandiki: n ni namba nzima, kuanzia 1 hadi 29. Mipaka ya matumizi ni sehemu ya fomula, nami naona fomula isiyo na mipaka ni hatari kuliko kukosa fomula kabisa, kwa kuwa inampa mtu ujasiri asiostahili. Kila unapoandika sehemu yenye herufi chini, andika pembeni yake herufi hiyo inaweza kuwa nini.

Mwendo wa gari ni mahali ambapo kosa la asili linaweza kuua. Muda ni umbali ukigawanywa kwa mwendo, kwa hiyo mwendo uko chini. Basi lina kilomita 180 za kwenda na ratiba yake ni saa 3, yaani wastani wa kilomita 60 kwa saa. Nusu ya kwanza ya njia, kilomita 90, ina foleni na mizani, na basi limekwenda kwa wastani wa 45. Dereva anayekokotoa kwa mazoea atasema: nimepungukiwa 15, basi nikienda 75 nitafidia. Sivyo. Kilomita 90 kwa mwendo wa 45 zimekula saa 2. Imebaki saa 1 kwa kilomita 90, kwa hiyo anahitaji mwendo wa 90. Kama nusu ya kwanza ilikuwa kwa mwendo wa 40, anahitaji 120. Kama ilikuwa 36, anahitaji 180. Kama ilikuwa 30, saa zote 3 zimekwisha akiwa katikati ya njia, na hakuna mwendo wowote duniani utakaomfikisha kwa wakati. Tazama jinsi namba za kwanza zinavyoshuka taratibu, 45, 40, 36, 30, huku namba za pili zikipaa bila kikomo. Hiyo ndiyo tabia ya asili inayokaribia sifuri: muda uliobaki ndio asili ya mwendo unaotakiwa, nao unakwisha.

Geuza sasa swali kuwa sharti. Sheria za Tanzania na Kenya zinayawekea mabasi ya abiria kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Kenya ilianza kulazimisha vidhibiti mwendo mwaka 2004, chini ya kanuni za Waziri John Michuki. Dereva anayetii sheria katika nusu ya pili anahitaji angalau saa 90 ÷ 80, yaani 1.125. Kwa hiyo mwendo v wa nusu ya kwanza lazima utimize 90 ÷ v + 1.125 ≤ 3, ambayo inatoa 90 ÷ v ≤ 1.875, na hatimaye v isiyopungua 48. Njia ikijulikana kwamba katika nusu ya kwanza haipitiki kwa 48, ratiba ya saa 3 ni amri ya kuvunja sheria, hata kama hakuna aliyeandika neno hilo kwenye ratiba. Msimamizi anayepanga safari anaweza kuligundua hili mezani kwake kwa kalamu, kabla basi halijawashwa. Wapo watakaosema kwamba madereva wazoefu wanajua barabara kuliko fomula yoyote. Wanaijua, na hesabu hii haishindani na ujuzi wao. Inampa dereva namba ya kumwonyesha tajiri wake, kwamba tatizo liko kwenye ratiba na wala si kwenye mguu wake.

Baharini asili inafundisha jambo jingine, la alama. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini, na wakati wa kusi huzidi nguvu. Chukua boti yenye mwendo wa kilomita 10 kwa saa majini palipotulia, inayokwenda kijiji kilichoko kilomita 24 kaskazini na kurudi. Mkondo ukiwa na kasi c, kwenda ni 24 ÷ (10 + c) na kurudi ni 24 ÷ (10 − c). Mtu hudhani kwamba mkondo unachokupa unapokwenda ndicho unachokunyang'anya unaporudi, kwa hiyo safari nzima haibadiliki. Bila mkondo safari ni saa 4.8. Mkondo wa 2 unaifanya saa 5. Tofauti ni ndogo, ndiyo maana dhana ile inaendelea kuaminiwa. Mkondo wa 6 unaifanya saa 7.5. Mkondo wa 8 unaifanya saa 13 na dakika 20, ambazo 12 kati yake ni za kurudi. Kinachopotea wakati wa kurudi ni kikubwa daima kuliko kinachookolewa wakati wa kwenda, na anayenunua petroli kwa kukisia wastani atakwama akiwa anaona kwao.

Sasa weka sharti: kurudi kusizidi saa 4. Unaandika 24 ÷ (10 − c) ≤ 4, unazidisha pande zote kwa 10 − c, unapata 24 ≤ 40 − 4c, yaani c isiyozidi 4. Jibu ni sahihi, lakini kuna hatua imepita kimya. Kuzidisha kwa 10 − c kunaruhusiwa bila kugeuza alama pale tu 10 − c inapokuwa zaidi ya sifuri. Jaribu c = 12: sehemu inakuwa 24 ÷ (−2), yaani −12, na −12 kweli ni ndogo kuliko 4, kwa hiyo kikokotoo kitakuambia sharti limetimia. Maana yake halisi ni kwamba boti inasukumwa nyuma na haitafika kwao kamwe. Kwenye asili ya idadi ya watu, uzito au lita, wasiwasi huu haupo. Ila popote asili ilipo na alama ya kutoa, simama kwanza, tafuta inapokuwa sifuri, na ukatae thamani zote zilizoko upande usio na maana. Anayesema simu yake inaweza kukokotoa kila kitu akumbuke −12 hii: simu ilifanya kazi yake bila kosa.

Kazi ya pamoja naitaja kwa ufupi, kwa kuwa imeshachoshwa na vitabu vya shule. Pampu moja hujaza tangi kwa saa 6, nyingine kwa saa 4. Usijumlishe saa wala usizichukulie wastani; jumlisha kile kinachofanyika kwa saa moja, 1/6 na 1/4, upate 5/12, kisha kigeuze: saa 2 na dakika 24. Kwa pampu hesabu hii ni ya kuaminika kama kisima kina maji ya kutosha. Kwa mafundi wawili ndani ya chumba kimoja chenye ngazi moja, iamini kidogo zaidi.

Mchanganyiko ndio uwanja mpana, na kwa maoni yangu ndio unaostahili muda mwingi wa msomaji, kwa kuwa unagusa afya na riziki. Chukua dawa ya klorini ya kuua vijidudu. Chombo kimoja cha dawa yenye nguvu ya asilimia 5 kikichanganywa na vyombo w vya maji, nguvu mpya ni 5 ÷ (1 + w). Vituo vya afya vinapohitaji asilimia 0.5, kama ilivyotumika wakati wa milipuko ya Ebola, 1 + w lazima iwe 10, kwa hiyo maji ni vyombo 9. Watu hushika kwa kichwa kwamba ni moja kwa tisa, na hapo ndipo kosa linapozaliwa, kwa sababu dawa ya dukani inaweza kuwa ya asilimia 3.5. Moja kwa tisa ya dawa hiyo ni asilimia 0.35, pungufu kuliko inavyotakiwa. Fomula ya kushika ni hii: gawanya asilimia ya kwenye kibandiko kwa asilimia unayotaka, kisha toa 1. Kwa 3.5 unapata 6. Na kwa kuwa klorini hupungua nguvu kwa joto, jua na siku kupita, hata namba ya kwenye kibandiko ni ya juu kuliko hali halisi ya chupa iliyokaa dirishani. Changanya ya kutumia siku hiyo, na chupa itunzwe penye kivuli.

Kwenye chakula cha kuku kinyume chake hutokea: unaongeza kitu chenye nguvu ili kupandisha kiwango. Una kilo 60 za mahindi yaliyosagwa, yenye protini asilimia 9 hivi, nawe unaongeza mashudu ya soya yenye asilimia 44. Ukiongeza kilo x, kiwango ni (5.4 + 0.44x) ÷ (60 + x). Herufi iko juu na chini, na hilo hubabaisha, lakini maswali ni yaleyale matatu. Asili haifiki sifuri. Na x ikiwa kubwa mno, zile kilo 60 zinamezwa, na kiwango kinaelekea 44 bila kuifikia. Kwa kuku wa mayai tuseme unataka kisichopungua 18: andika 5.4 + 0.44x ≥ 0.18 × (60 + x), uondoe, na x isipungue kilo 20.8. Nunua 21, na ukumbuke kwamba madini na chokaa ukiviongeza juu yake navyo vinaingia kwenye asili na kukishusha kiwango. Mfugaji anayefikiri kwa uwiano atasema kwamba mara mbili ya kiwango, yaani 36, itahitaji mara mbili ya mashudu, kilo 42 hivi. Hesabu inasema 202.5. Hakuna anayelisha kuku wa mayai kwa asilimia 36, lakini mfano unaonyesha gharama inavyopaa kadiri unavyoukaribia mpaka, na kwamba kila nusu asilimia ya mwisho ni ghali kuliko iliyotangulia.

Pingamizi zito kuliko yote linaingia hapa, nalo haliondoki kirahisi: namba zenyewe si za uhakika. Mashudu ya muuzaji mmoja si ya mwingine, na mahindi ya msimu huu si ya mwaka jana. Kuna faida gani ya kukokotoa hadi desimali kwa namba za kukisia? Jibu langu ni kwamba fomula inakuambia pia kukisia kwako kuna uzito gani. Badilisha 44 uweke 40, ukokotoe upya. Kwa lengo la 18, mashudu yanapanda kutoka kilo 20.8 hadi 24.5, ni gharama inayovumilika, na unaweza kuongeza kilo nne za tahadhari ukalala usingizi. Kwa lengo la 36, yanapanda kutoka 202.5 hadi 405. Kosa lilelile la asilimia 4 kwenye mashudu limekugharimu kilo 4 huku na kilo 200 kule, kwa sababu la pili liko karibu na mpaka. Vivyo hivyo kwa boti: kukosea mkondo kwa kilomita moja, ukiwa 2 ukadhani ni 1, hakuna madhara, ukiwa 9 ukadhani ni 8, kurudi kunakuwa saa 24 badala ya 12.

Kwa hiyo, usiishie kwenye jibu moja. Chora safu mbili kwenye karatasi, weka thamani tano za kile kilichoko kwenye asili, tatu za kawaida na mbili karibu na mpaka, ukokotoe zote. Jedwali hilo la mistari mitano litakuonyesha uko sehemu gani ya mstari uliopinda: kwenye mteremko mkali, ambako inafaa kulipia kipimo cha maabara au kungoja maji yatulie, au kwenye tambarare, ambako kukisia kunatosha na pesa ya kipimo inaweza kununua mashudu. Kwa chakula cha asilimia 18, muulize muuzaji tu, uongeze kilo nne. Kwa mchanganyiko mzito wa kwenda kuuziwa wafugaji wengine ili wauchanganye wenyewe, ambao hukaa karibu na mpaka kwa makusudi, pima kwanza kila gunia linaloingia.